Mafuta ya Maisha

Akureyri, mwezi wa pili, saa nne asubuhi,
na jua ndiyo kwanza linapangusa macho nyuma ya mlima.
Ndani ya gereji hita inakohoa.
Gari limepandishwa juu ya stendi nne,
na Hallbera chali chini yake,
mgongo juu ya boksi la friji lililokunjuliwa.

Mwanawe Sturla ana miaka kumi na saba.
Baridi yote hii amekuwa akilipamba:
matairi mapana, springi za kuliinua, taa sita juu ya paa,
bomba la hewa lililopanda ubavuni
kama shingo ya bata anayeogopa kulowa.
Giaboksi haikuulizwa habari.
Na kitabu cha gari, ukurasa wenye alama ya kikombe, kinasema:
mafuta haya yametiwa kwa maisha yote.

Maisha ya nani?
Ya gari? Ya aliyeliuza?
Ya ile dhamana ya miaka mitatu?
(Nami ninayeandika naongeza: lichungulie neno lenyewe.
Ndani ya maisha mna isha.)

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake;
gari usilolilalia chini hujui linalia nini.

Boliti kumi na tisa.
Anazilegeza kwa mshazari, kona moja anaiachia,
sampu inainama kama mtu mwenye siri
na mafuta yanatoka.
Yalizaliwa mekundu, wekundu wa juisi ya rozela.
Leo ni meusi, yananuka mkate uliosahauliwa motoni.
Mengi yanaingia kwenye beseni.
Mengine yanaingia kwenye mkono wa sweta.

Kazini, ghorofa ya pili ya hospitali, Hallbera husafisha damu za watu.
Anaijua mirija, anaijua subira ya kiti kile,
na anajua kwamba kutoa si kazi;
kazi ni kurudisha kwa kipimo.
Ndiyo maana chupa tupu za maziwa zimejipanga ukutani
zikiwa na mistari ya kalamu:
lita nne na robo zimetoka,
lita nne na robo zitaingia.
Yaliyojificha ndani ya konveta
yatafuatwa wiki ijayo, na wiki ya pili yake.

"Kwa nini tusiyatoe yote leo?"
"Mtu humkaushi damu kwa mkupuo, Sturla,
halafu ukamjaza kama birika."

Sumaku iliyo kwenye sakafu ya sampu imeota manyoya meusi.
Anayasugua kati ya vidole viwili, karibu na tochi.
"Unga," anasema. "Si vipande."
Ni sauti ileile anayosomea majibu ya figo,
na kijana, bila kujua kwa nini, anashusha pumzi.

Kisha anavuta boksi alilolificha nyuma ya skii.
Sampu mpya. Haing'ai, haina jina la fahari,
hakuna atakayeigeukia barabarani.
Ila katikati ya kitako chake ina nati moja ya kutolea,
ambayo ile ya kiwandani haikuwa nayo.
Nati ni ahadi: tutarudi.

Filta. Gasketi. Mpira wa kumiminia.
Sturla anapanda, mguu kwenye breki,
anaupitisha mkono wa gia kila kituo,
anahesabu tatu, anasogea,
nyuma, huru, mbele,
na ule mshtuko wa zamani, wa mlango kupigwa teke,
hausikiki.
Wanasubiri usikike. Hausikiki.

Kijiti cha kupimia kinafutwa kwenye karatasi nyeupe:
si rozela bado. Ni wekundu uliochanganyika na jana.
Unatosha.

Hallbera anafungua kitabu, ukurasa wa kikombe,
anakata maneno mawili kwa mstari mmoja,
na pembeni, kwa mwandiko wa chati za wagonjwa, anaandika tarehe,
kilomita, lita,
na siku ya kurudi.

Doa la kwenye sweta amelifua mara tatu.
Halitoki.